Fahali, Nyasi na Usiku wa Tarehe 4 Oktoba 1990

Katika darasa letu la Kiswahili hapa Kigali, hakuna methali inayochoshwa kama ile ya fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Mwalimu akiuliza juu ya Vita Kuu ya Kwanza, jibu ni fahali na nyasi. Akiuliza juu ya kifo cha Lumumba, fahali na nyasi tena. Mwaka jana tulipewa mjadala kuhusu Rwanda na mataifa makubwa katika karne ya 20. Mwenzangu mmoja, msemaji hodari, alisimama akaanza na methali hiyo hiyo, na akapigiwa makofi kabla hata hajatoa hoja ya kwanza. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Tulishindwa, tena kwa haki, maana nilijua kuna kitu kinanisumbua katika methali ile lakini ulimi ulikuwa mzito. Insha hii ni jaribio langu la kukisema kitu hicho bila kengele ya dakika tano kunilia masikioni.

Nikubali kwanza palipo na ukweli. Kuna miaka ambayo Rwanda ilikuwa nyasi kweli.

Mji wenyewe wa Kigali ulizaliwa kwa uamuzi wa mgeni. Mwaka 1907 Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyekuwa amekuja huku kutafuta chanzo cha mto Nile, alichagua kilima cha Nyarugenge kuwa makao yake akiwa mwakilishi wa dola ya Ujerumani. Wakati ule Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ng'ambo ya ziwa Kivu palikuwa na Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1914 wakubwa walipoanza kupigana huko Ulaya, kwa sababu ambazo hakuna mkulima wa Rwanda aliyeulizwa, ziwa hilo likawa mstari wa vita. Septemba ya mwaka huo Wajerumani walikiteka kisiwa cha Ijwi. Kapteni Max Wintgens, akiwa na Wajerumani wachache na askari Waafrika, aliushikilia mpaka kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Aprili 1916 jeshi la Kongo, lililojulikana kama Force Publique, lilivuka kwa nguvu, na tarehe 6 Mei kikosi cha Kanali Molitor kikaingia Kigali. Wajerumani walirudi nyuma mpaka Tabora, ambayo nayo ilianguka Septemba.

Vitabu huziandika tarehe hizo kama safari ya makamanda. Kwa wenye mashamba ilikuwa safari ya chakula chao kuondoka. Majeshi yote mawili yalikula maharage, mtama na ng'ombe wa watu waliokuwa njiani, yakawachukua wanaume kuwa wapagazi. Njaa iliyofuata kaskazini magharibi kati ya 1916 na 1918 wazee waliiita Rumanura, na jina hilo limebaki. Askari waliokufa kule Ufaransa katika vita hiyo hiyo wana makaburi yenye majina. Waliokufa katika Rumanura hawana hata orodha.

Nitoke nje ya mada kidogo, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Lugha hii tunayoisomea ilipanda milima yetu pamoja na misafara ya biashara, kisha pamoja na bunduki. Askari wa Wajerumani waliamrishwa kwa Kiswahili, na wengi waliotoka mashariki mwa Kongo walikielewa pia. Ndiyo maana babu zetu wengi walikiona kuwa lugha ya soko, ya kambi, na ya watu wa Biryogo, mtaa wa wale walioitwa Waswahili, yaani Waislamu na wafanyabiashara. Bibi yangu mzaa mama alikulia karibu na hapo na bado anakisema vizuri kuliko mimi. Kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017 alicheka, akasema kwake kimekuwa rasmi tangu utotoni, ila hakuna aliyekuja kumuuliza.

Turudi. Baada ya vita, Uingereza na Ubelgiji ziligawana mali ya aliyeshindwa. Waingereza waliitaka sehemu ya mashariki ya Rwanda, Gisaka, kwa sababu walikuwa wakiota reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1920 Gisaka ilikatwa kama kipande cha nguo, ikapewa Waingereza, halafu baada ya malalamiko ya Mfalme Musinga, ya wamisionari na ya Wabelgiji wenyewe, ikarudishwa. Reli haikujengwa. Watu wa Gisaka walilala chini ya Mbelgiji, wakaamka chini ya Mwingereza, wakarudi kwa Mbelgiji, na hawakutoka nyumbani kwao. Mtu akitaka mfano wa nyasi, nampa huo kwa moyo mkunjufu. Musinga naye Wabelgiji walimwondoa tarehe 12 Novemba 1931, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 wakamwandikia kila Mnyarwanda kabila lake kwenye kitambulisho.

Hapo ndipo methali inaishia kunisaidia.

Mwaka 1959, wakati Vita Baridi ilipokuwa imepamba moto, kilianzishwa chama cha UNAR. Kilitaka uhuru wa haraka na kilikuwa chama cha kutetea ufalme. Soma tena: ufalme. Hata hivyo watawala wa Kibelgiji na wakubwa wa Kanisa walikiita chama cha kikomunisti. Ilitosha UNAR kupata wasikilizaji Umoja wa Mataifa, miongoni mwa nchi zilizopinga ukoloni na zile za upande wa Moscow, jina hilo likanata. Katika miaka ile, neno "mkomunisti" lilikuwa kama filimbi: ukiipuliza, Washington na Brussels husikia. Waliofaidika na filimbi hiyo hawakuwa Wabelgiji peke yao. Walikuwepo pia wanasiasa Wanyarwanda wa Parmehutu ambao, wakisaidiwa na Kanali Guy Logiest, walichukua madaraka, na maelfu ya Watutsi wakauawa au wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Rais Grégoire Kayibanda alikuwa rafiki wa nchi za Magharibi na wa Kanisa, na mambo aliyoyafanya ndani ya nyumba yake hayakumkosesha usingizi mtu yeyote wa nje.

Nataka msomaji aangalie hapo. Nyasi imejifunza kuongea na fahali, na fahali ameamini.

Tarehe 5 Julai 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana alimpindua Kayibanda. Miaka miwili baadaye, siku ile ile ya Julai, akaanzisha MRND, chama pekee, ambacho kila Mnyarwanda alikuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa. Mtoto mchanga hana jina bado, chama anacho. Uchaguzi wa 1978, 1983 na 1988 ulikuwa na mgombea mmoja, naye alishinda kwa karibu kura zote. Kutoka juu hadi chini kulikuwa na ngazi: mkoa, wilaya, sekta, seli. Kila ngazi ilikuwa na kiongozi aliyejua nani anaishi wapi, ana watoto wangapi, na kitambulisho chake kimeandikwa nini. Wafadhili waliipenda Rwanda ya miaka hiyo. Barabara zilijengwa, umuganda ulifanyika kwa nidhamu, na Rais alikuwa mtu wa kwenda kanisani. Mwezi Julai 1975 Ufaransa ilitia saini naye mkataba wa ushirikiano wa kijeshi, na kidogo kidogo ikaanza kuchukua nafasi ya Ubelgiji katika kumlea.

Kilichomtikisa kwanza ni kahawa. Hili darasani kwetu hulirukwa, labda kwa kuwa halina milio ya risasi. Bei ya kahawa duniani ilikuwa ikishikiliwa na Makubaliano ya Kimataifa ya Kahawa, na Marekani ilikubali kuyabeba wakati wa Vita Baridi kwa sehemu fulani kwa sababu wakulima maskini waliotulia hawageuki wakomunisti. Hofu hiyo ilipopungua, nia ya kuyabeba nayo ilipungua. Julai 1989 mfumo wa mgao ukavunjika na bei ikaporomoka. Rwanda iliishi kwa kahawa. Novemba 1990, kwa shinikizo la taasisi za fedha za kimataifa, faranga ilishushwa thamani kwa asilimia 40. Kwa mkulima wa Butare, kwisha kwa Vita Baridi kulikuja katika umbo la gunia lisilonunulika.

Mtawala wa namna hiyo, akiwa hana fedha, huku Rais François Mitterrand akiwa ameshatangaza kule La Baule Juni 1990 kwamba msaada utakwenda kwa wanaofungua milango ya demokrasia, alikuwa katika hali ngumu. Kisha tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, watoto wa wale wakimbizi wa 1959 na miaka iliyofuata, wengi wao wakiwa wamehudumu katika jeshi la Uganda, walivuka mpaka Kagitumba. Kamanda wao Fred Rwigema aliuawa siku ya pili yake. Jeshi lao lilivurugika.

Sasa nifike kwenye usiku ule.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Oktoba milio ya risasi ilisikika Kigali kwa saa nyingi. Serikali ilisema maadui wameuvamia mji. Wapiganaji wa RPF walikuwa bado kaskazini mashariki, mbali na hapa. Waliopiga risasi walikuwa askari wa serikali yenyewe. Jambo hili limechunguzwa na watafiti wengi na halina ubishi tena: yalikuwa mashambulizi ya kuigiza. Asubuhi kamatakamata ikaanza. Watu takriban 13,000 walifungwa, wengi wao Watutsi pamoja na Wahutu waliopinga serikali, bila mashtaka. Makumi walikufa. Magereza yalipojaa, maelfu waliwekwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo, ule ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé. Wa mwisho waliachiliwa Aprili 1991.

Bibi yangu alikuwa Nyamirambo usiku huo. Nilikuwa nimesikia habari hizi vipande vipande tangu utoto, lakini kwa ajili ya insha hii nilimwomba anisimulie moja kwa moja, nikaandika. Anasema walilala chini ya kitanda yeye na watoto mpaka alfajiri. Kulipopambazuka alitoka nje, na jambo la kwanza alilofanya, kwa kuwa ni mtu mdadisi, ni kutafuta matundu ya risasi ukutani na maiti barabarani. Hakuona. "Risasi za usiku kucha," aliniambia, "na hata kuku hakufa." Walichokiona ni askari wakiongozana na mkuu wa seli yao, jirani, mikononi ana daftari la jalada la bluu. Walikwenda nyumba hii, wakaruka ile, wakaingia inayofuata. Walimchukua kaka yake, fundi cherehani, aliyekuwa amemshonea mkuu huyo huyo suti ya harusi. Alikaa uwanjani kwanza, halafu gerezani, akarudi Aprili na mguu usiokunjika vizuri. Akaendelea kushona, ila cherehani ya kukanyaga ilimshinda, ikabidi apate ile ya kuzungusha kwa mkono.

Milio ile ya kuigiza ililenga masikio mawili. Sikio la kwanza lilikuwa la wananchi: waamini kwamba adui yumo ndani, jirani ni adui, na kumkamata ni kujilinda. Wiki hiyo waziri wa ulinzi aliwataka raia kwa njia ya redio wawasake waliopenya, na kabla mwezi haujafika katikati Watutsi zaidi ya 300 walikuwa wameuawa Kibilira, mbali kabisa na uwanja wa vita. Sikio la pili lilikuwa Paris. Kikosi cha kwanza cha Ufaransa kilikuwa tayari kimetumwa katika operesheni iliyoitwa Noroît, na kazi iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda na kuwaondoa raia wa Ufaransa. Balozi wa Ufaransa alipeleka nyumbani habari za mapigano makali mjini. Safari ya kuwaokoa Wafaransa ikageuka ukaaji wa miaka 3, hadi Desemba 1993. Wabelgiji, waliotuma wanajeshi wao wiki hiyo hiyo, waliondoka baada ya mwezi mmoja kwa sababu bunge na magazeti yao yaliuliza maswali. Mobutu alituma askari wa Zaire, wakarudishwa kwao upesi baada ya kupora mali. Wafaransa wakabaki.

Kwa nini Paris iliamini, au ilitaka kuamini? Hapa inabidi turudi nyuma hadi 1898, katika kijiji cha Fashoda kando ya Nile, sehemu iliyo leo Sudan Kusini. Huko Kapteni Marchand wa Ufaransa alikutana na Kitchener wa Uingereza na jeshi kubwa zaidi, na Ufaransa ikalazimika kuondoka kwa aibu. Aibu hiyo ilirithishwa katika ofisi za Paris kama kidonda cha ukoo. Kila mtu wa Afrika aliyezungumza Kiingereza akikaribia nchi inayozungumza Kifaransa, kidonda huwasha. Habyarimana na watu wake walijua pa kukuna. Hawakuwaambia Wafaransa kwamba wakimbizi wa Kinyarwanda wanadai kurudi nyumbani. Walisema Uganda, nchi ya Kiingereza, imeivamia nchi ya Kifaransa. Maofisa kadhaa wa Ufaransa wakaanza kuwaita RPF "Khmer weusi", kana kwamba Cambodia ya Pol Pot imehamia Byumba. Mshauri wa Ikulu ya Paris kwa mambo ya Afrika alikuwa Jean-Christophe, mwana wa Rais Mitterrand, hivyo simu ilikuwa fupi.

Ushahidi wangu ninaoupenda zaidi uko katika gazeti baya kuliko yote, Kangura. Toleo la 6, la Desemba 1990, linajulikana kwa zile "amri kumi" zilizowakataza Wahutu kuoa, kushirikiana au kufanya biashara na Watutsi. Watu wachache hukumbuka kwamba toleo hilo hilo lilikuwa pia na picha kubwa ya Mitterrand, pamoja na maneno ya kumsifu kuwa rafiki wa kweli wa wakati wa shida. Mhariri hakuwa nyasi inayosubiri kukanyagwa. Alikuwa anamwonyesha msomaji wake kitu: chuki hii ninayoiandika ina mlinzi.

Na kwa miaka mitatu mlinzi alilinda. Jeshi la serikali lilikua kutoka askari takriban 5,000 mwaka 1990 hadi zaidi ya 30,000. Wafaransa waliwafundisha, wakawaletea mizinga. Misri nayo iliuza: Machi 1992 ulitiwa saini mkataba wa silaha wa dola milioni 6, na benki ya Kifaransa ya Crédit Lyonnais ndiyo iliyotoa dhamana. Nchi iliyoshindwa kumlipa mkulima kahawa yake ilipata dhamana ya kununulia mabomu. Nikisoma mambo haya, mwenzangu wa mjadala ananijia kichwani akitabasamu. Subiri, ndugu yangu, nakuja.

Mapatano ya amani yalitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, Tanzania ikiwa msuluhishi. Umoja wa Mataifa uliunda kikosi cha UNAMIR kwa azimio namba 872 la tarehe 5 Oktoba. Tazama tarehe: siku mbili tu baada ya Wamarekani 18 kuuawa Mogadishu. Kikosi kilichozaliwa siku hizo kilizaliwa kikiogopwa na wazazi wake. Kilipangiwa wanajeshi 2,548, silaha hafifu, na amri ya kutotumia nguvu ila kwa kujilinda. Januari 11, 1994 kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliarifu New York kwamba kuna silaha zilizofichwa Kigali na kwamba Watutsi wanaorodheshwa ili wauawe. Aliomba kuzikamata. Alikatazwa.

Orodha. Daftari la jalada la bluu.

Mwezi huo huo wa Januari 1994 lilitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaivunja methali yetu vipande viwili. Rwanda iliingia katika Baraza la Usalama kama mjumbe asiye wa kudumu. Serikali ya Kigali ilikaa meza moja na Marekani, Urusi, Uchina, Uingereza na Ufaransa. Baada ya tarehe 6 Aprili, ndege ya Habyarimana ilipodunguliwa ikirudi kutoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam, na wakati wauaji wakiwa kazini katika kila kilima, balozi Jean-Damascène Bizimana aliendelea kukaa pale, akisikiliza nani anaogopa nini. Waliomtuma waliweza kujua mapema kwamba hakuna anayekuja. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili askari wa serikali waliwaua Wabelgiji 10 wa UNAMIR katika Kambi ya Kigali. Sioni kuwa ilikuwa hasira tu ya kambini. Wapangaji walikuwa wameshaiona Mogadishu, wakajua dawa ya kumfukuza fahali ni damu yake mwenyewe kidogo. Ubelgiji iliondoka. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wake waliiacha shule ya ETO Kicukiro, walikokuwa wamekimbilia watu zaidi ya 2,000, na wengi wa watu hao waliswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro wakauawa siku hiyo hiyo. Tarehe 21 Aprili, kwa azimio namba 912, Baraza likakipunguza kikosi hadi watu 270. Tarehe 17 Mei lilipoamua kupeleka 5,500 na kuweka vikwazo vya silaha, mjumbe mmoja tu alipiga kura ya kuvipinga vikwazo: Rwanda.

(Jambo la kushangaza, Novemba mwaka huo Rwanda ilikuwa peke yake tena katika kura ya kupinga, safari hii kuhusu mahakama ya kimataifa ya Arusha. Lakini iliyopiga kura hiyo ilikuwa serikali nyingine, yenye sababu nyingine kabisa, na hiyo ni insha ya mtu mwingine.)

Sisemi haya ili kuwapunguzia wakubwa mzigo. Washington ilitumia wiki nzima nzima kulikwepa neno "mauaji ya kimbari", kwa kuhofia kwamba likitamkwa litawadai kitendo. Bill Clinton alikuja Machi 1998 kuomba radhi, akazungumza uwanja wa ndege akaondoka bila kuuona mji. Tume ya Vincent Duclert, iliyoteuliwa na Ufaransa yenyewe, ilisema Machi 2021 kwamba nchi yao ina majukumu mazito, ingawa haikuona ushirika katika mauaji, na Emmanuel Macron alikuja Gisozi tarehe 27 Mei mwaka huo kukiri sehemu ya hayo. Wapo pia walioonyesha kwamba hata amri mbaya ina nafasi ndani yake: Waghana waliobaki na Dallaire, na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, aliyewapitisha watu vizuizini mmoja mmoja mpaka alipouawa tarehe 31 Mei. Zaidi ya watu milioni moja waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa hesabu ya serikali yetu. Hakuna lawama itakayokosa mahali pa kukaa.

Ninachokataa ni nyasi. Nyasi haina daftari. Haiigizi vita usiku ili ikamate watu asubuhi, na haina kiti New York. Tukisema sisi tulikuwa nyasi tu, tunamfuta aliyepanga, tunamfuta aliyeandika orodha, na pamoja nao tunamfuta jirani aliyekataa, yule aliyeficha watu darini kwake. Mtu asiye na mikono hawezi kuua, lakini pia hawezi kuficha. Udikteta wa Habyarimana haukuwa kikaragosi kinachovutwa kwa uzi kutoka Paris. Mara nyingi uzi ulivutwa kutoka Kigali.

Nilimsomea bibi methali yetu na kumuuliza anaionaje. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Aliniambia kwamba Aprili 1994 mkuu wa seli alirudi. Suti ilikuwa imeshambana tumboni, lakini daftari lilikuwa lile lile, na jina la kaka yake lilikuwa bado limo, halikufutwa tangu 1990. Kisha akaniuliza: "Mfaransa alimjua wapi kaka yangu?"

Kabla ya kuikabidhi insha hii nilimpa yule mwenzangu wa mjadala aisome, kwa kuwa ni mtu wa haki na Kiswahili chake ni safi. Alinisahihishia makosa matatu ya sarufi. Kuhusu hoja, aliandika pembeni kwa kalamu ya risasi: Februari 1993 RPF walikaribia kabisa Kigali, na Ufaransa ikaongeza askari, kama isingewaongeza, au kama isingekuja kabisa Oktoba 1990, je, daftari lile lingefunguliwa mara ya pili? Nimelisoma swali hilo mara nyingi. Hoja yake ni nzuri kuliko ile aliyopigiwa makofi, na sina jibu la kumshinda. Nimeliacha pale pale pembeni alipoliandika, na chini yake nimeandika swali la bibi.